Kusanidi Poti za Swichi kwa Mstari wa Amri: Cisco, Juniper, MikroTik na Aruba Zikilinganishwa

Mtu anayekwenda kununua swichi inayosimamiwa katika maduka ya kompyuta ya Mombasa kwa kawaida huulizwa maswali mawili: anataka poti ngapi, na anataka zile zinazopeleka umeme kupitia kebo ya mtandao au zisizopeleka. Yote mawili yana maana. Lipo hata hivyo swali la tatu, ambalo huulizwa mara chache ingawa litamgusa fundi kwa muda wote swichi hiyo itakapokuwa kazini: mstari wa amri wa swichi hiyo hufanya nini fundi anapoandika amri sahihi, na hufanya nini anapokosea?

Makala haya yanalinganisha mifumo minne ambayo fundi wa Pwani anaweza kukutana nayo, yaani IOS ya Cisco, Junos ya Juniper, RouterOS ya MikroTik na ArubaOS-Switch, ile iliyokuwa ikiitwa ProCurve. Sikuipima kwa wingi wa amri wala kwa sifa zilizoandikwa kwenye vipeperushi. Nimeipima kwa mambo matatu: ni wakati gani amri inaanza kufanya kazi, ni wakati gani inahifadhiwa, na njia ya kurudi nyuma ni ipi. Mombasa mambo hayo ni mazito kwa sababu umeme hukatika na kurudi bila taarifa, na swichi isiyokuwa na UPS huzimika na kuwaka nao. Tena wateja wa fundi mmoja huwa wametawanyika, huyu na ofisi ya uwakala wa forodha Moi Avenue, yule na ghala Shimanzi, mwingine na shule Tudor, na mwingine na hoteli Diani, ng'ambo ya feri ya Likoni. Amri moja mbaya inayomfungia fundi nje ya swichi ya Diani ni nusu siku ya safari, huku wageni wa hoteli wakiwa hawana mtandao.

Kazi ya kupimia

Ili ulinganisho uwe wa haki, tuchukue kazi moja. Hoteli iliyopo Bamburi imegawanya mtandao wake katika VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile: VLAN 20 ya wafanyakazi, VLAN 30 ya simu na VLAN 40 ya wageni. Poti ya tano iko mapokezi, ambako kuna simu ya mezani na kompyuta iliyochomekwa nyuma ya simu hiyo. Poti ya ishirini na nne inakwenda kwenye swichi kuu na inabeba VLAN zote kwa lebo za 802.1Q, ambazo huongeza baiti 4 kwenye kila fremu (kifurushi cha data kinachopita kwenye kebo) na kuiachia nambari ya VLAN biti 12. Ndiyo maana nambari zinazotumika huanzia 1 na kuishia 4094. Poti ya mapokezi lazima pia ijikinge dhidi ya mtu anayechomeka swichi ndogo na kuzungusha kebo moja ikarudi kwenye mtandao uleule, kosa linaloweza kuiangusha hoteli nzima kwa sekunde chache.

Cisco IOS: amri hufanya kazi papo hapo

```
configure terminal
interface GigabitEthernet1/0/5
 description Mapokezi
 switchport mode access
 switchport access vlan 20
 switchport voice vlan 30
 spanning-tree portfast
 spanning-tree bpduguard enable
end
write memory
```

Uzuri wa mpangilio huu hauhitaji kutetewa sana. Kila kitu kinachohusu poti ya tano kimekaa chini ya poti ya tano, na mtu aliyesoma kozi ya msingi ya mitandao, ambayo katika vyuo vingi vya Kenya hufundishwa kwa vifaa vya Cisco, atausoma bila msaada. Mstari wa VLAN ya simu unafanya kazi kubwa kwa maneno machache, kwa kuwa swichi yenyewe huiarifu simu nambari ya VLAN yake, na kompyuta iliyo nyuma yake hubaki katika VLAN 20 bila kujua lolote.

Kila mstari huanza kufanya kazi mara tu unapoingizwa, lakini hukaa kwenye kumbukumbu ya muda hadi fundi aandike `write memory`. Hapa ndipo umeme wa Mombasa unapoleta hasara. Mabadiliko ambayo hayakuhifadhiwa yanaweza kufanya kazi vizuri kwa wiki nzima, na fundi akalipwa na kusahau; siku umeme unapokatika, swichi inawaka na usanidi wa zamani, na mteja anaona mtandao umeharibiwa na umeme. Dalili yake inapotosha zaidi kwa sababu katika hali ya kawaida ya kiwandani orodha ya VLAN huhifadhiwa yenyewe katika faili tofauti liitwalo `vlan.dat`, wakati ugawaji wa poti hauhifadhiwi. Fundi akiandika `show vlan brief` baada ya umeme kurudi, ataiona VLAN 40 ipo na jina lake, ila haina poti hata moja, na anaweza kutumia saa nyingi akitafuta hitilafu mahali ambapo haipo.

Mtego wa pili ni wa poti inayobeba VLAN nyingi. Poti ya ishirini na nne ikiwa tayari inaruhusu VLAN 20 na 30, na fundi akataka kuongeza ya wageni, amri sahihi ni hii:

```
switchport trunk allowed vlan add 40
```

Akiliacha neno `add`, swichi hailalamiki. Inafuta orodha yote na kubakisha VLAN 40 peke yake, na ikiwa fundi ameingia kwa mbali kupitia VLAN 20, kikao chake kinakufa palepale. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa baya kuliko yote katika IOS, kwa sababu amri isiyo na neno hilo ni halali kabisa na mtu mzoefu anaweza kuiandika akiwa amechoka.

Kinga ipo, ila fundi lazima aikumbuke kabla ya kuanza. Ya zamani ni `reload in 10`, inayoamuru swichi iwake upya baada ya dakika 10 isipokuwa ifutwe kwa `reload cancel`. Ukijifungia nje, swichi itarudi na usanidi uliohifadhiwa. Tatizo lake ni kwamba kuwaka upya huchukua dakika kadhaa na hukata mawasiliano ya kila mtu aliyeunganishwa. Iliyo bora ni `configure terminal revert timer 10`, ambayo hurudisha usanidi wa awali bila kuizima swichi kama fundi hakuandika `configure confirm` kabla ya muda kwisha, lakini haifanyi kazi mpaka sehemu ya `archive` iwe imesanidiwa. Ningependa kuiona sehemu hiyo kwenye kila swichi ya Cisco iliyowekwa mahali pasipo na fundi.

Junos: rasimu kwanza, idhini baadaye

```
set vlans wafanyakazi vlan-id 20
set vlans simu vlan-id 30
set interfaces ge-0/0/4 description Mapokezi
set interfaces ge-0/0/4 unit 0 family ethernet-switching interface-mode access
set interfaces ge-0/0/4 unit 0 family ethernet-switching vlan members wafanyakazi
set switch-options voip interface ge-0/0/4.0 vlan simu
set protocols rstp interface ge-0/0/4 edge
set protocols rstp bpdu-block-on-edge
```

Msomaji atakuwa ameona kwamba poti ya tano hapa inaitwa `ge-0/0/4`. Juniper huanza kuhesabu kwa sifuri, hata kwenye maandishi ya uso wa swichi, na fundi anayeelekezwa kwa simu na mlinzi wa ghala ni vyema amwombe amsomee nambari iliyoandikwa pale badala ya kuhesabu kwa kidole.

Maandishi ni marefu kuliko ya Cisco, na anayeanza atayaona mazito. Faida yake ni kwamba mistari yote hiyo minane bado haijagusa chochote. Imekaa katika rasimu. Fundi anaweza kuandika `show | compare` na kuonyeshwa ni mistari ipi itaongezwa na ipi itaondolewa, kisha `commit check` ili swichi ikague kama rasimu inaeleweka, na baada ya hapo ndipo atoe idhini. Tuseme anahamisha poti ya mapokezi kutoka VLAN ya wafanyakazi kwenda nyingine, akaandika VLAN mpya bila kuifuta ile ya zamani. Kwa kuwa amri ya `set` huongeza na haibadilishi, poti ya kawaida itakuwa na VLAN mbili, na Junos itakataa kuidhinisha huku ikimwambia kosa liko wapi. Hakuna mgeni wala mfanyakazi aliyekatiwa mtandao wakati huo. Tabia hiyohiyo ya kuongeza ndiyo inayoufanya mtego wa Cisco usiwepo hapa: ukiitaja VLAN 40 kwenye poti inayobeba nyingi, zilizokuwepo hubaki.

Kisha kuna amri ambayo peke yake inaweza kumfanya mtu achague Juniper kwa tawi la mbali:

```
commit confirmed 5
```

Usanidi unaanza kufanya kazi, na saa inaanza kuhesabu. Fundi asipothibitisha kwa `commit` nyingine ndani ya dakika 5, swichi inarudi yenyewe kwenye hali ya awali, bila kuzimika na bila maandalizi yoyote ya kabla. Asipotaja dakika, muda ni 10. Zaidi ya hayo, usanidi ulioidhinishwa huhifadhiwa hapo hapo, kwa hiyo hakuna hatua ya pili ya kusahau, na swichi hutunza hadi matoleo 49 yaliyopita, kila moja likiitwa kwa `rollback` na nambari yake. Anayerithi mtandao wa fundi mwingine anaweza kuandika `show system commit` na kuona nani aliidhinisha mabadiliko na lini. Kwa hoteli au kampuni inayobadilisha mafundi mara kwa mara, kumbukumbu hiyo ni mali.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, kwa kuwa katika mji huu una uzito. Junos imejengwa juu ya FreeBSD na ina mfumo wa mafaili unaofanana na wa kompyuta ya kawaida. Juniper yenyewe hushauri swichi izimwe kwa `request system halt` kabla ya kukatwa umeme. Umeme wa ghafla ukirudiwarudiwa unaweza kuharibu mafaili hayo, na ndiyo sababu swichi za EX zimewekewa sehemu ya akiba ya kuwakia. Mtu anayezinunua anapaswa kuhesabu bei ya UPS kuwa sehemu ya bei ya swichi, na kuisasisha sehemu ya akiba kwa amri ya `request system snapshot` kila baada ya kubadilisha toleo la programu. Asiyekuwa tayari kuweka UPS asinunue Juniper, hata kama mstari wake wa amri ndio bora kuliko yote niliyoyataja hapa, na kwangu mimi ndio bora.

RouterOS: bei ndogo, mpangilio mwingine kabisa

MikroTik, kampuni ya Latvia, inajulikana sana hapa kupitia ruta za watoa huduma wadogo wa intaneti wa mitaani, na wengi hununua swichi zake kwa sababu tayari wanazijua ruta hizo. Ujuzi huo husaidia, ila kwa upande wa VLAN mpangilio ni wa aina yake.

```
/interface bridge add name=bridge1 protocol-mode=rstp vlan-filtering=no
/interface bridge port add bridge=bridge1 interface=ether5 pvid=20 edge=yes bpdu-guard=yes comment=Mapokezi
/interface bridge port add bridge=bridge1 interface=ether24
/interface bridge vlan add bridge=bridge1 vlan-ids=20 untagged=ether5 tagged=ether24
/interface bridge vlan add bridge=bridge1 vlan-ids=30 tagged=ether5,ether24
/interface bridge vlan add bridge=bridge1 vlan-ids=40 tagged=ether24
/interface bridge vlan add bridge=bridge1 vlan-ids=99 tagged=bridge1,ether24
/interface bridge set bridge1 vlan-filtering=yes
```

Habari za poti moja zimegawanyika sehemu mbili: jinsi poti inavyopokea fremu zisizo na lebo iko chini ya `port`, na VLAN zinazopita humo ziko chini ya `vlan`. Fundi anayetaka kujua poti ya tano inafanya nini lazima asome sehemu zote mbili na kuziunganisha kichwani. VLAN 99 niliyoiongeza ni ya usimamizi, na jina `bridge1` lililomo ndani ya orodha ya `tagged` si mapambo. Ndilo linaloruhusu swichi yenyewe, na si poti zake tu, kuzungumza katika VLAN hiyo, mradi pia iwe imetengenezewa kiolesura cha VLAN chenye anwani. Ukilisahau, mara unapoandika mstari wa mwisho wa kuwasha uchujaji, swichi inaendelea kuwahudumia wageni vizuri huku wewe ukiwa umefungiwa nje.

Kwa hilo RouterOS inatoa kinga inayoitwa hali salama, inayowashwa kwa Ctrl na X. Kikao kikikatika kabla fundi hajaifunga kwa vitufe hivyohivyo, mabadiliko yote aliyoyafanya tangu alipoiwasha yanafutwa. Hakuna muda wa kutaja wala maandalizi. Udhaifu wake ni kwamba kumbukumbu ya mabadiliko ina kikomo. Ukibandika faili refu la amri kwa mara moja, swichi inaweza kutoka katika hali hiyo yenyewe na kinga ikawa imekwisha. Ibandike kazi kwa mafungu madogo, na funga hali salama kila fungu linapothibitika. Ikiwa uko jengo moja na swichi, WinBox, programu ya MikroTik ya kusimamia vifaa vyake, inaweza pia kuifikia kwa anwani ya MAC bila anwani ya IP, jambo ambalo limewaokoa mafundi wengi.

Nje ya hali salama, kila amri hufanya kazi na kuhifadhiwa papo hapo. Kwa mji wenye umeme usiotabirika hili ni jema: swichi inarudi kama ilivyokuwa, na vifaa hivi vidogo huvumilia kuzimwa ghafla. Ila mtego wa orodha uko palepale kama kwa Cisco, na hapa hakuna neno la kuongeza: ukitumia `set` kubadilisha `tagged`, lazima uandike orodha nzima upya.

Onyo la ununuzi ni moja. Uchujaji wa VLAN kwenye daraja (`bridge`) hufanywa na chipu ya swichi katika familia ya CRS3xx, kwa mfano CRS326-24G-2S+. Katika CRS1xx na CRS2xx amri hizohizo zinakubalika, lakini kazi inahamia kwenye prosesa na kasi inaanguka vibaya. Familia hizo zinasanidiwa kupitia menyu nyingine ya `switch`. Muuzaji akikupa CRS ya zamani kwa bei ya kuvutia, uliza nambari kamili kwanza.

Aruba: VLAN ndiyo inayomiliki poti

```
vlan 20
   untagged 5
   tagged 24
vlan 30
   tagged 5,24
   voice
vlan 40
   tagged 24
write memory
```

Hapa mtazamo umegeuzwa: fundi anaingia ndani ya VLAN na kutaja poti zake. Kwa mtandao wenye VLAN chache na poti nyingi, sioni mfumo unaosomeka kwa urahisi kuliko huu. Amri ya `tagged` huongeza bila kufuta, na poti ikipewa `untagged` katika VLAN mpya hutolewa yenyewe katika ile ya zamani. Uhifadhi ni wa mtindo wa Cisco, kwa hiyo hatari ya kusahau `write memory` ni ileile. Anayetoka Cisco ajihadhari na amri ya `trunk`, kwa kuwa hapa inaunganisha kebo mbili au zaidi kuwa kiungo kimoja na haihusiani na lebo za VLAN. Tena akague kama STP, itifaki inayozuia mizunguko ya kebo, imewashwa, kwani kwenye swichi hizi kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa imezimwa. Miundo mipya ya Aruba inatumia AOS-CX, ambayo amri zake za poti zimerudi karibu na mtindo wa Cisco. Mnunuzi ajue vilevile kwamba HPE, mwenye Aruba tangu 2015, aliinunua Juniper mwaka 2025, na sasa mistari hiyo miwili ya bidhaa iko chini ya mmiliki mmoja.

Poti inapougua

Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na viunganishi vya RJ45 vilivyo karibu na ufuo hushika kutu mapema kuliko vya bara. Poti inayoshuka kutoka gigabiti hadi megabiti 100 bila sababu mara nyingi ina jozi moja ya nyaya iliyokufa. Cisco hupima kebo kwa `test cable-diagnostics tdr interface`, na matokeo husomwa kwa amri ya pili ya `show cable-diagnostics tdr`; Juniper hutumia `request diagnostics tdr start interface`; MikroTik hutumia `/interface ethernet cable-test ether5` na kujibu hapo hapo. Ya MikroTik ndiyo nyepesi, ingawa si kila modeli inayo, na poti hukatika wakati wa kipimo kwenye modeli nyingi, basi usiipime mapokezi saa wageni wanapoingia.

Kishawishi cha kurekebisha poti hiyo kwa kuifunga kwenye kasi maalumu ni kikubwa katika mifumo yote minne, na katika yote minne ni kosa. Gigabiti ya shaba inahitaji pande mbili zijadiliane, na upande mmoja ukifungwa kwenye 100 na njia mbili kamili (full duplex) huku wa pili ukiachwa ujadiliane, ule wa pili utaangukia njia nusu (half duplex), na mtandao utakuwa wa kusuasua bila kukatika. Badilisha kiunganishi.

Kamera iliyokwama juu ya paa la ghala inahitaji tu kuzimwa na kuwashwa. MikroTik inafanya hivyo kwa mstari mmoja, `/interface ethernet poe power-cycle ether5 duration=10s`, kwenye modeli zinazopeleka umeme kama CRS328-24P-4S+. Cisco inataka `power inline never` kisha `power inline auto`, na Juniper inataka idhini mbili.

Poti ya mapokezi ikifungwa na kinga ya mzunguko (BPDU guard), tofauti ni kubwa zaidi. Cisco huiweka katika hali ya `err-disabled` na inaweza kuagizwa kuifungua yenyewe kwa `errdisable recovery cause bpduguard`, ambapo muda wa kawaida ni sekunde 300. Juniper hufunguliwa kwa `clear error bpdu interface`. MikroTik inamtaka fundi aizime poti na kuiwasha kwa mkono, na hoteli ambayo mapokezi yake hupigiwa simu usiku itahisi tofauti hiyo.

Uchague ipi

Kwa ofisi ya watu kumi na tano Mwembe Tayari au shule yenye bajeti ndogo, ambako fundi ni mmoja na anaweza kufika kwa tuktuk, ningechukua MikroTik ya CRS3xx bila kusita. Inahifadhi yenyewe, inavumilia umeme, na leseni yake huja na kifaa. Sharti ni fundi awe na nidhamu ya hali salama.

Kwa hoteli kubwa yenye simu za IP katika kila chumba, au kampuni ya mizigo ambayo leo ina fundi huyu na mwakani itakuwa na mwingine, Cisco bado ina hoja ambayo hakuna mwingine anayeifikia: karibu kila anayeomba kazi ataweza kuisoma. Weka `archive`, fundisha neno `add`, na fanya `write memory` kuwa sehemu ya kukabidhi kazi, iandikwe hata kwenye fomu ya kazi. Catalyst 2960 za kwanza zilizotumika hupatikana kwa bei nafuu na zinafaa kwa kujifunzia nyumbani. Kwa biashara zisitumike, kwa kuwa marekebisho ya usalama yamekwisha.

Kwa tawi la mbali lisilokuwa na fundi, Diani, Voi au Lamu, ningechagua Juniper na UPS nzuri, na ningepunguza idadi ya poti kabla ya kupunguza bajeti ya UPS. Aruba ningeiendeleza pale ilipo tayari na inafanya kazi. Kuing'oa ili kuweka nyingine ni kutupa fedha.

Wengi hata hivyo wataishia kuwa na mbili, Cisco ya zamani katikati na MikroTik mpya pembeni, na hapo kuna jambo la kusawazisha kabla ya kuunganisha kebo. Catalyst kwa kawaida huendesha mti wa STP kwa kila VLAN peke yake, wakati swichi nyingine huendesha mti mmoja wa kawaida; Catalyst huzungumza lugha ya kawaida katika VLAN 1 pekee, na ujumbe wa VLAN nyingine hupita ndani ya swichi za wengine kama fremu za kawaida tu, bila kueleweka. Mtandao unaweza kwenda vizuri hivyo kwa miaka hadi mtu aongeze kebo ya pili ya akiba. Njia safi ni MSTP, aina ya STP inayokusanya VLAN nyingi katika miti michache, pande zote: `spanning-tree mode mst` kwa Cisco, `protocol-mode=mstp` kwa daraja la MikroTik, na `protocols mstp` kwa Juniper. Jina la eneo, nambari ya marekebisho na ramani ya VLAN lazima vifanane herufi kwa herufi katika kila swichi, kwa kuwa ile itakayotofautiana hata kwa herufi kubwa na ndogo itajihesabu kuwa eneo lake peke yake.